Barua ya wazi kwa Makamu Wakuu wa Vyuo: Mkuu wa idara anaulizwa yote, haamui lolote

Kwa Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu vya umma Tanzania,
na Waheshimiwa Wajumbe wa Mabaraza ya Vyuo.

YAH: MADARAKA YA MKUU WA IDARA

Mwaka mpya wa masomo unapokaribia, katika vyuo vyenu hutoka barua fupi, aya mbili au tatu, kumjulisha mhadhiri kwamba ameteuliwa kuwa mkuu wa idara, kwa kawaida kwa miaka mitatu, au kwamba atakaimu nafasi hiyo mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Barua humtakia kazi njema. Haimwambii anaweza kuamua nini bila kuomba ruhusa, vipindi vyake darasani vitapungua au la, wala nani atamkabidhi ofisi. Nimeshika nafasi hiyo, na kabla na baada ya hapo nimefanya kazi chini ya wakuu wa idara wengine, wenye moyo na waliokata tamaa. Naandika kwa sababu mengi yanayowafikia ninyi yakiwa yameshaharibika, matokeo yaliyochelewa, mitaala iliyopitwa na wakati, wahadhiri vijana wanaoondoka kimyakimya, yalipita kwanza mezani kwa mkuu wa idara, wakati bado yalikuwa yanatengenezeka.

Hoja yangu ni moja. Mkuu wa idara anatakiwa kujibu kwa kila jambo, lakini hana mamlaka ya kuamua karibu jambo lolote. Nawaomba mlirekebishe hilo, na uwezo mnao. Sehemu kubwa ya ninayoyaomba humu haihitaji sheria mpya wala fungu jipya kutoka Hazina. Inahitaji ninyi mkubali kuyaachia baadhi ya maamuzi yashuke.

Idara ni mahali ambapo chuo kikuu kinatendeka. Mwanafunzi hakutani na Seneti wala na Baraza la Chuo. Anakutana na mhadhiri, na ratiba, na alama, na msimamizi wa tasnifu, na vyote hivyo vimo idarani. Historia yetu wenyewe inashuhudia. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 13, wote wa sheria. Miaka miwili baadaye alikuja mwanahistoria Terence Ranger, akiwa amefukuzwa Rhodesia ya Kusini, kuanzisha Idara ya Historia. Alikuwa na nafasi ya kutafuta wenzake na kuamua nao nini kifundishwe, na kwa nini historia ya Mwafrika isianzie kwa mgeni aliyefika kwa meli. Kufikia mwaka 1969, kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu kilikuwa kimetoka, na wasomi wa nchi nyingine walikuwa wanaitazama Dar es Salaam kuona historia ya Afrika inaandikwaje. Idara hiyohiyo ilimpokea Walter Rodney, ambaye kitabu chake kuhusu Ulaya na kudumaa kwa Afrika kilitoka mwaka 1972, akiwa bado anafundisha Mlimani.

Najua kwamba chuo kile kilikuwa kidogo na nyakati zile zilikuwa nyingine. Siombi turudi huko. Naomba tukumbuke kwamba kazi ile iliyotupatia jina haikubuniwa na kamati ya chuo. Ilibuniwa idarani, na watu waliokuwa na nafasi ya kujaribu.

Sasa mtazameni mkuu wa idara wa leo. Anafundisha kozi mbili au tatu kama wenzake, na darasa la mwaka wa kwanza linaweza kujaza ukumbi mpaka wengine wakae kwenye ngazi. Anasimamia wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Kisha anapanga mgawanyo wa kozi, anafuatilia ratiba, anaita kikao cha mitihani cha idara, anajibu hoja za mtahini wa nje, anajaza tathmini za watumishi kwenye mfumo wa PEPMIS, anaandika makisio ya bajeti, anaandika dokezo kwa amidi au rasi wa ndaki, anasubiri majibu, anaandika dokezo la kukumbushia dokezo. Katika miaka ya mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), uliotokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 za Marekani, ameongezewa kazi ya kuhuisha mitaala, kuongea na waajiri na kuandaa nyaraka za ithibati kwa ajili ya Tume ya Vyuo Vikuu. Kazi hiyo ya mitaala ni njema na ilikuwa imechelewa. Lakini imefanywa na watu hawahawa, katika saa zilezile, na mara nyingi usiku.

Wingi wa kazi, hata hivyo, sio unaowavunja moyo. Nimewaona wahadhiri wakifanya kazi kubwa kuliko hiyo kwa furaha. Kinachowavunja moyo ni kuwajibika kwa jambo ambalo funguo zake ziko kwa mtu mwingine.

Chukueni suala la watu wa kufundisha. Miaka ya 1990, nchi ilipokuwa inabana matumizi ya Serikali kwa masharti ya wakopeshaji, ajira katika utumishi wa umma zilifungwa, na kizazi kizima cha wahadhiri ambao leo wangekuwa maprofesa hakikuajiriwa. Mwaka 2016 ajira mpya na upandishaji vyeo vilisimamishwa tena ili kuhakiki watumishi. Mwaka 2018 umri wa kustaafu wa maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma ukasogezwa hadi miaka 65, hatua iliyoziba pengo kwa muda bila kuliondoa. Matokeo yake ni idara zenye wazee wachache, vijana wengi wasaidizi, na katikati karibu hakuna mtu. Mkuu wa idara analiona pengo hilo kabla ya mtu yeyote. Anajua kwamba mwalimu wa takwimu anastaafu Juni, na kwamba Novemba kutakuwa na wanafunzi wanaomsubiri mwalimu asiyekuwepo. Anaandika. Ombi linapanda chuoni ngazi kwa ngazi, linakwenda Utumishi kutafutiwa kibali, linapelekwa Sekretarieti ya Ajira, na mwaka unaisha, wakati mwingine zaidi ya mmoja.

Wakati huo wote darasa lazima lifundishwe. Kwa hiyo anamtafuta mhadhiri wa muda, pengine mwanafunzi wake wa zamani au rafiki kutoka chuo jirani, na anamwahidi malipo kwa kinywa chake mwenyewe. Malipo yakichelewa mihula miwili, anayepigiwa simu ni yeye. Namfahamu mkuu wa idara mmoja aliyekuwa anabadilisha njia ya kwenda kantini ili asikutane na kijana aliyemfundishia kozi nzima bila kulipwa. Huyo ni mtu mwadilifu, aliyetoa ahadi kwa niaba ya chuo, na chuo hakikumwezesha kuitimiza. Heshima yake iliyoliwa pale haimo katika hesabu yoyote inayofika mezani kwenu.

Fedha nitazigusa kwa ufupi, maana mnazijua kuliko mimi. Ada za programu ambazo idara yenyewe imezibuni na kuzifundisha jioni na Jumamosi zinaingia kwenye akaunti ya chuo, jambo ambalo ni sahihi kwa udhibiti. Lakini idara inapohitaji rimu za karatasi za mtihani wa muhula, au kitendanishi cha maabara kinachoharibika kikikaa bandarini, inakuwa idara tumizi kama nyingine yoyote, na ombi lake linaingia foleni ya kitengo cha ununuzi na mfumo wa NeST. Sipingi mfumo, wizi wa manunuzi tumeuona wote. Naomba kila idara itengewe masurufu madogo ya kila muhula kwa kiwango kinachojulikana tangu mwanzo wa mwaka, kwa mahitaji madogo ya kufundishia, na yakaguliwe kwa ukali wowote mnaoutaka. Mtu mnayemwamini kusimamia shahada za mamia ya vijana anaweza kuaminiwa na risiti za karatasi.

Jambo zito kuliko fedha ni kuwaongoza wenzako. Mkuu wa idara hayuko kama meneja wa kampuni. Anawaongoza watu ambao juzi walikuwa sawa naye na baada ya miaka mitatu watakuwa sawa naye tena, na mmoja wao huenda ndiye atakayekuwa mkuu wake. Kwa sababu ya pengo nililolieleza, mara nyingi anamwongoza pia mwalimu wake mwenyewe. Asubuhi anamwamkia "Shikamoo, Profesa" koridoni, na saa nne anatakiwa kumwandikia barua kwamba alama zake za muhula uliopita hazijaingizwa kwenye mfumo na wanafunzi wa mwaka wa tatu hawawezi kuhitimu. Wengi hawaiandiki barua hiyo. Wanakwenda kuomba kwa upole, wanarudi mikono mitupu, wanakwenda tena. Wapo wanaoketi na kusahihisha wenyewe maandiko ya mtu mwingine. Mwanafunzi, ambaye mkopo wake, ajira yake au nafasi yake ya uzamili inasubiri matokeo hayo, anaona chuo kisichojali.

Msidhani kwamba ni woga. Katika utamaduni wetu heshima kwa aliyekutangulia ni kitu cha kweli, nami sitaki chuo kinachoidharau. Ila mkuu wa idara anahitaji mahali pa kusimama anapodai kazi, na mahali hapo ni kanuni ambazo idara nzima imezipitisha kikaoni na kuziandika kwenye muhtasari. Idara iliyokubaliana mapema siku ya mwisho ya kuwasilisha alama na hatua inayofuata, mkuu wake hadai kwa jina lake. Anadai kwa jina la wote, Profesa akiwemo, kwa kuwa naye alikuwepo kikaoni na alinyoosha mkono. Nimeona hili likifanya kazi katika idara ambayo ilikuwa imegawanyika vibaya. Lakini linafanya kazi pale tu ambapo hatua inayofuata inachukuliwa kweli. Mkuu wa idara akipeleka suala kwa amidi, na amidi akalipeleka juu, na huko likalala, basi kila mwanaidara amejifunza kwamba kanuni ni maneno, na mkuu huyo amemalizika hata kama muda wake una miaka miwili mbele.

Nimefika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike hadharani badala ya kuandika dokezo.

Siku moja, katika kila idara, mwanafunzi wa kike atasimama mlangoni kwa mkuu wa idara na kusema kwamba mhadhiri fulani amemtaka kimapenzi, na kwamba amekataa, na kwamba sasa amefelishwa. Pengine atasema nusu tu ya hayo, akiwa ameshika mlango, tayari kuondoka. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inalitaja tendo hilo kuwa kosa. TAKUKURU imelifanyia utafiti katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Vyuo vyetu vingi vina dawati la jinsia. Kwenye karatasi tumejipanga. Lakini dakika ile mlangoni haimo kwenye karatasi. Mkuu wa idara anayemsikiliza binti yule anamjua mtuhumiwa tangu walipokuwa wakufunzi wasaidizi; watoto wao wanasoma shule moja. Hajui kama tuhuma ni ya kweli, na si kazi yake kuhukumu. Anachojua ni kwamba mtihani wa marudio ni wiki ijayo, na atakayeusahihisha ni mtu yuleyule.

Anaweza kufanya nini, kwa mamlaka aliyonayo leo? Anaweza kumshauri aende dawati la jinsia. Anaweza kumwandikia amidi dokezo la siri litakalopita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kufika. Anaweza kuzungumza na mwenzake faraghani, jambo ambalo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu sasa mwenzake anajua nani amesema. Hana uwezo wa kuamuru siku hiyohiyo, bila kumhukumu yeyote, kwamba maandiko ya mwanafunzi huyu yasahihishwe na mtu mwingine. Hana uwezo wa kumbadilishia msimamizi wa tasnifu bila kuitisha kikao kitakachouliza sababu. Wengine wanafanya hivyo kwa ujasiri wao, na wanajua kwamba wakipingwa hawana kifungu cha kushika.

Wapeni kifungu hicho. Kiandikwe katika kanuni za mitihani za kila chuo kwamba mkuu wa idara, akipokea malalamiko ya aina hii, anaweza papo hapo kumwondoa mtuhumiwa katika kusahihisha maandiko ya mlalamikaji na katika kumsimamia, kwa muda, bila kutakiwa kutaja sababu mbele ya idara. Na kwamba lazima alipeleke suala nje ya idara ndani ya siku chache zilizotajwa, ili asiweze kulizika hata akitaka. Mamlaka na wajibu viende pamoja. Pale malalamiko yanapomhusu mkuu wa idara mwenyewe, mwanafunzi aelezwe tangu wiki ya kwanza chuoni mlango mwingine uko wapi.

Inafaa nitaje pia namna tunavyowapata wakuu wa idara. Tunasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na vyuoni Mnyamwezi ni yule mhadhiri aliyerudi karibuni na shahada ya uzamivu, mchapakazi, asiyejua kukataa. Anateuliwa katika miaka ileile ambayo angeandika makala zake nzuri kabisa. Kupanda cheo kwetu kunategemea machapisho, na miaka mitatu ya uongozi inamrudisha nyuma ya wenzake waliokwepa. Wanaomwona wanajifunza kukwepa. Ndiyo maana idara nyingi zinaongozwa na makaimu, mwaka hadi mwaka, ingawa Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 ziliweka ukomo wa miezi sita kwa mtumishi kukaimu nafasi iliyo wazi. Kaimu hathubutu kubadili kitu, kwa sababu kila mtu anajua kwamba anaweza kuondolewa kesho. Mwombeni Afisa Utumishi wenu awaletee orodha ya wakuu wa idara wanaokaimu leo na tarehe walizoanza. Orodha hiyo ingewaeleza mengi kuliko barua hii.

Kwa upande wa maandalizi, tumezoea semina elekezi ya siku mbili, yenye mada za sheria ya utumishi na ununuzi, ambayo mara nyingi inakuja mwaka mmoja baada ya uteuzi. Mkuu mpya anachokihitaji zaidi ni mwezi mmoja wa kukaa na anayeondoka. Akabidhiwe kwa maandishi: wanafunzi wa uzamivu waliokwama na sababu ya kila mmoja, wahadhiri wa muda wanaodai, mtaala upi ithibati yake inaisha lini, malalamiko yapi yako wazi, ahadi zipi zilitolewa kwa nani. Makabidhiano mengi niliyoyaona yalikuwa funguo, kompyuta na kabati la majalada. Mwandishi mwendesha ofisi ndiye aliyekuwa kumbukumbu ya idara, na siku alipohamishwa kumbukumbu ilihama naye.

Najua hofu mliyonayo, kwa sababu nimeisikia ikisemwa vikaoni: mkuu wa idara akipewa mamlaka atapendelea kabila lake, rafiki zake, wanafunzi wake. Hofu hiyo ina msingi. Zipo idara zilizowahi kugeuzwa shamba la mtu mmoja. Lakini kumnyima kila mtu mamlaka hakujazuia upendeleo. Kumeuhamishia mahali ambapo hauonekani, kwenye simu na kwenye kufahamiana na mtu wa ngazi ya juu. Mkuu wa idara anayeamua hadharani, mbele ya kikao, kwa muhtasari ulioandikwa, anaweza kupingwa na kukatiwa rufaa. Uamuzi uliofanywa mbali na watu wanaouishi ni mgumu zaidi kuupinga, maana hata hujui umwone nani.

Profesa Matthew Luhanga, aliyeongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1991 hadi 2006, aliandika kitabu kizima kuhusu mageuzi ya chuo kile chini yake. Ninashukuru kwamba aliandika. Ningependa kusoma pia simulizi la miaka hiyohiyo kutoka kwa waliokuwa wakuu wa idara, waliotakiwa kuyageuza mageuzi yale kuwa ratiba, mtaala na darasa. Wengi wao wapo, wamestaafu, wanaishi Kimara, Moshi, Bukoba, Tanga. Waiteni wakiwa bado na nguvu. Wanajua nini kilikwama na kwa nini.

Ombi langu la mwisho ni la kikao kimoja. Kabla Seneti zenu hazijapitisha ratiba ya mwaka ujao, kila mmoja wenu akutane na wakuu wote wa idara wa chuo chake, bila amidi wala rasi wa ndaki kuwepo, na aulize swali hili tu: ni uamuzi gani ulioshindwa kuufanya mwaka huu kwa sababu haukuwa wako, wakati jibu ulikuwa nalo? Afisa mmoja aandike majibu, bila majina. Kisha, kwa kila jibu lililojitokeza katika idara zaidi ya tatu, Baraza la Chuo lipelekewe pendekezo la kuushusha uamuzi huo idarani, pamoja na namna ya kuukagua, na matokeo yatangazwe kwa wanataaluma wote kabla muhula wa pili haujaanza.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhadhiri Mwandamizi, aliyewahi kuwa Mkuu wa Idara katika chuo kikuu cha umma

Nakala: Katibu Mtendaji, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania